Fungu la Saba

Joha Yahaya alikuja Dodoma mjini mwaka 1984 kutoka Busi, kule Kondoa, akiwa na cheti cha kupiga chapa, sanduku la bati, na barua ya mjomba wake kwa mtu ambaye kumbe alikwisha kuhamishiwa Tabora. Kazi aliipata hata hivyo, katika ofisi ndogo iliyokusanya takwimu za chakula za mkoa, akapewa meza ya dirishani na taipureta kongwe. Aliolewa, akaachika bila ugomvi mkubwa, akabaki peke yake katika chumba cha kupanga Makole. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ofisini walimjua kwa jambo moja: karatasi ikipita mikononi mwa Joha, hairudiwi.

Mwaka 1996 kompyuta ililetwa. Ilikuwa miaka ya soko huria, miaka ambayo maduka yalijaa vitu na ofisi zikaanza kupungua watu. Wafadhili walitaka habari za njaa zifike Dar es Salaam kwa waya wa simu, zisisubiri bahasha. Aliyekuja kuifunga mashine alikuwa Alnoor, kijana wa Badrudin fundi taipureta, ambaye familia yao ilikuwa na duka karibu na soko kuu tangu enzi za babu yake. Alnoor alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na alimheshimu Joha kama dada yake mkubwa, kwa sababu taipureta yake ndiyo pekee mjini ambayo haikuwahi kuletwa kwao kwa uzembe wa mwenyewe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila kijiji kilichopungukiwa chakula kilijaza fomu: kaya ngapi, watu wangapi, nafaka ya siku ngapi imebaki, mifugo mingapi imekufa, visima vingapi vimekauka. Fomu moja ilitoa mistari kumi na moja. Joha akiandika mstari mmoja na kubonyeza kitufe, mstari ule ulisafiri kwa waya wa simu mpaka kompyuta kuu ya Dar es Salaam, ambako takwimu za mikoa yote zilihifadhiwa. Kompyuta kuu iliuweka mahali pake, kisha ikarudisha jibu fupi la kukubali. Hapo ndipo mstari wa pili ungeweza kuondoka. Jibu likija upesi, ni sekunde sita. Simu ikiwa mbaya, na simu za Dodoma miaka ile zilikuwa mbaya, ni nusu dakika, au lisije kabisa, laini ikatike na mtu aanze kupiga upya.

Walikuwa watatu kwenye kazi hiyo. Joha aliandika vijiji vya Kondoa asubuhi. Mchana Cornel, kijana mtanashati wa Kibakwe, alishika vijiji vya Mpwapwa na Dodoma Vijijini. Mwantum, mama wa makamo aliyewatangulia wote kazini, alikaa kando ya mashine kutwa nzima na daftari kubwa la jalada jeusi. Kazi yake ilikuwa kusoma majibu. Jibu la kukubali likitokea, alitia vema kwenye daftari. Mstari ukikataliwa, alimwambia mwandishi aurudie. Watu wengine walimtania kwamba anakula mshahara wa kutia vema. Yeye alicheka nao na kuendelea.

Tatizo lilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi asubuhi kamati ya mgao ilikutana Dar es Salaam, ikachapa orodha kutoka kompyuta kuu, na malori ya mahindi yakapangwa kwa orodha hiyo. Kijiji kisichokuwamo kilingoja Alhamisi nyingine. Na kwa mwendo ule wa mstari mmoja mmoja, mkoa mzima ulihitaji siku tisa. Mvua za msimu ule zilinyesha wiki mbili za Desemba zikakoma, mtama ukakaukia kimo cha goti, na kufikia Februari 1997 fomu zilikuwa zimerundikana mezani, nyingi kuliko siku zilizokuwapo. Watendaji wa vijiji walikuja wakaketi kwenye benchi la nje, miguu ina vumbi mpaka magotini, wakiuliza kama jina la kijiji chao limekwisha kwenda. Joha aliwapita kila asubuhi akiingia kazini. Aliwaamkia wazee shikamoo, akapiga hatua upesi.

Siku moja alichukua saa yake ya mkononi akaiweka kando ya mashine. Kutwa nzima alipima muda yeye na Cornel waliotumia kuandika, na muda waliotumia kungoja. Jioni alimpelekea Alnoor karatasi dukani. Katika saa nane za kazi, saa sita na robo zilikuwa za kungoja jibu.

Alnoor aliisoma karatasi ile mara mbili. Alisema kompyuta kuu haikuwa nzito hata kidogo. Kuuweka mstari mahali pake kuliichukua muda usiotimia hata kupepesa jicho. Kilichokula siku zao kilikuwa ile safari ya kwenda na kurudi. Basi dawa ni kupunguza safari. Kama mtu ana barua mia za kupeleka posta, hapeleki moja, akarudi nyumbani, akachukua nyingine.

"Andika mistari yote kwanza hapahapa, laini ikiwa imefungwa," alimwambia. "Ukimaliza, unapiga simu, unaituma yote kwa pamoja, unapokea jibu moja. Nitakuandikia programu."

Ilimchukua wiki mbili. Joha aliitwa dukani kila jioni kuijaribu, na Shantaben, mama yake Alnoor, akawaletea chai ya tangawizi. Walijifunza mengine kwa kukosea. Mistari mia tano kwa mpigo ilikuwa mingi mno, laini ilikatika katikati na yote ikapotea. Mistari kumi ilikuwa michache, safari zikawa nyingi bila sababu. Waliona mia mbili ndiyo kiasi, yaani vijiji kumi na vinane. Wakaliita fungu.

Jambo moja Alnoor alilirudia mara kadhaa. Alikuwa amepanga kwamba fungu liingie zima au lisiingie kabisa, ili kijiji kisije kikaonekana na kaya zake lakini bila njaa yake. Mstari mmoja ukiwa na kosa, kompyuta kuu ingelitupa fungu zima.

"Kwa hiyo usiangalie tu kwamba limekwenda, dada Joha. Kwenda si kupokelewa. Subiri jibu lirudi, ndipo uhesabu kwamba umetuma."

Joha akamwambia ameelewa, na kweli alielewa.

Mwezi Machi, fomu zikiwa zimekwisha kuandikwa, mkoa mzima uliingia kwa saa mbili na nusu. Benchi la nje likawa tupu kwa mara ya kwanza tangu mwaka kuanza. Mkuu wa ofisi, Mzee Batholomeo, mtu mpole aliyependa kunyoosha kalamu zake mezani zilale sambamba, alimwita Joha akampongeza mbele ya wote, kisha akamwomba aandike taarifa fupi: zamani kazi ilichukua muda gani na watu wangapi, na sasa inachukua muda gani na wangapi. Joha aliandika kama ilivyokuwa. Siku tisa zimekuwa saa mbili na nusu. Watu watatu wanaweza kuwa mmoja. Hakufikiri alikuwa anaandika nini. Alikuwa anafurahi.

Barua za kupunguzwa kazini zilikuja Aprili. Cornel alipata yake, na Mwantum alipata yake. Taarifa ya Joha ilikuwa imebandikwa nyuma ya orodha kama ushahidi. Cornel alirudi kwao Kibakwe. Mwantum alikusanya kanga yake na kikombe chake, akaliacha daftari jeusi juu ya meza, akatoka. Joha alisimama mlangoni kutaka kusema neno, na Mwantum akampita akiwa ameangalia mbele. Daftari likapelekwa stoo.

Miezi ya mavuno, hata kwa uhaba ule, fomu zilikuwa chache. Agosti zikaja zote kwa mpigo. Watu walikuwa wamekwisha kula hata kile kidogo, ng'ombe waliobaki waliuzwa kwa bei ya mbuzi, na mabuyu yalichumwa yakiwa mabichi. Joha, sasa peke yake, aliandika wiki nzima vijiji vyote vya mkoa, vya Kondoa alivyovijua na vya Ugogoni, vilivyokuwa vya Cornel, ambavyo hakuwahi kuviandika. Jumatano mchana akaanza kutuma. Fungu la kwanza lilikwenda, jibu likarudi. La pili, la tatu, mpaka la sita, majibu yakarudi. Fungu la saba, la mwisho, lilikwenda vizuri. Aliona kwenye kioo hesabu ikipanda mpaka mia moja tisini na nane, yote imetoka. Kisha, kabla jibu halijarudi, laini ikakatika.

Alipiga upya. Hakukuwa na mlio. Alipiga mpaka saa kumi na moja jioni. Baadaye ilijulikana kwamba waya wa shaba ulikuwa umeibwa mahali fulani upande wa Morogoro, na Dodoma haikuwa na simu ya mbali kwa siku tatu. Mzee Batholomeo alipita akiwa ameshika kofia yake, akauliza kama vimekwenda vyote.

Joha alisema, "Vimekwenda."

Halikuwa neno la uongo. Vilikuwa vimekwenda. Lakini alilijua lile ambalo hakulisema, na jioni ile alipokuwa anasonga ugali alilirudia rohoni: nitahakikisha simu ikirudi. Simu iliporudi Jumamosi, Mzee Batholomeo alikwisha kupeleka taarifa kwa wakubwa kwamba mkoa mzima umeingia. Jumatatu fomu mpya zilifika kutoka Kondoa, rundo la kimo cha shubiri. Joha alizianza. Jumanne aliwaza kuuliza, akaogopa kidogo jibu ambalo lingemfanya Mzee Batholomeo aonekane mwongo kwa wakubwa zake, akasema kesho. Jambo likiahirishwa siku tatu huanza kufanana na jambo lililokwisha. Ndivyo alivyolieleza mwenyewe baadaye, mbele ya watu, bila kujitetea.

Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, aliingia mtu mmoja mrefu, mkonda, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alikuwa Seth Mazengo, mtendaji wa kijiji cha Ng'holongo. Alikuwa ameendesha baiskeli siku moja na nusu. Alitoa mfukoni nakala ya fomu, imekunjwa mara nne, yenye mhuri wa ofisi hiyohiyo na tarehe ya kupokelewa, akauliza kwa upole kwa nini malori yanapita barabara kuu bila kukata kona kwao. Alisema watu wamelala. Wagogo wanaposema hivyo kwa Kiswahili, hawamaanishi usingizi; wanamaanisha njaa imewaangusha.

Joha alifungua orodha ya kamati. Ng'holongo haikuwamo. Akaangalia kijiji kilichoitangulia kwenye fungu, nacho hakikuwamo. Aliteremka na kidole, kimoja baada ya kingine, mpaka kumi na nane. Seth alikuwa amesimama nyuma yake anaangalia kidole kile.

Alilituma tena fungu la saba papo hapo. Safari hii jibu lilirudi upesi: kuna kosa, fungu limekataliwa. Alisoma mistari yote mia moja tisini na nane, herufi kwa herufi, asione kosa. Alnoor alikuwa amesafiri Arusha kununua vifaa na hakuna aliyejua amefikia wapi. Jumatano asubuhi Joha akaamua kuligawa fungu. Alituma vijiji tisa vya mwanzo, vikapokelewa. Alituma tisa vya mwisho, vikakataliwa. Akavigawa hivyo tena, vinne na vitano, halafu viwili na vitatu, akifuata kila mara upande uliokataa, na kila upande uliokubali ukawa umeingia salama. Saa nane mchana vijiji kumi na saba vilikuwa Dar es Salaam. Kimoja kilibaki peke yake mkononi mwake, nacho kilikuwa Ng'holongo. Akikituma, kinakataliwa. Akaangalia idadi ya kaya, idadi ya watu, visima. Vyote vilikuwa kama kwenye fomu.

Mzee Batholomeo alipiga simu Dar es Salaam akasema kuna kijiji kimoja, kiandikwe kwa mkono. Waliomjibu walisema mgao unatolewa kwa kilichomo kwenye mashine.

Hapo, mchana uleule wa Jumatano, Joha alimkumbuka Mwantum. Mwantum alikaa mwaka mzima akisoma majibu ya kukataa ya mashine ile wakati Cornel akiandika vijiji vya upande huo. Kama kuna mtu anayejua, ni yeye. Lakini tangu Aprili Joha hakuwahi kwenda kumjulia hali, wala kumtumia salamu. Kila alipotaka kwenda aliiona ile taarifa yake imebandikwa nyuma ya orodha. Akaketi. Alijaribu njia nyingine, na nyingine, mpaka ofisi ikafungwa. Alhamisi asubuhi kamati ilikutana, vijiji kumi na saba vikapangiwa malori, Ng'holongo ikaachwa kwa wiki nyingine. Ijumaa ndipo alipokwenda.

Mwantum alikuwa amehamia Zuzu kwa dada yake. Joha alimkuta nje kidogo ya makazi, chini ya mwamba, ameketi juu ya gunia katikati ya wanawake wengine, anaponda kokoto kwa nyundo ya mkono. Jicho moja lilikuwa limefungwa kitambaa. Kipande cha jiwe kilikuwa kimelirukia. Joha alisalimia. Wale wanawake waliitikia. Mwantum aliweka nyundo chini.

"Mdogo wangu," alisema, "miezi mitano."

Joha alipiga magoti kwenye vumbi, akamweleza habari ya fungu, na Seth, na kijiji kimoja kinachokataa. Alipotaja jina la kijiji, Mwantum alitikisa kichwa kama mtu anayesikia jina la jirani mkorofi.

"Hilo mashine hailitaki. Wala siyo hilo tu, majina yote ya Kigogo yenye ile alama ya juu, ya king'ong'o. Nilimwambia Cornel aiondoe, aandike Ngholongo hivihivi, na ikawa inakubali. Niliandika kwa penseli pembeni mwa daftari, mwanzoni kabisa."

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Walinipa barua saa nne. Saa sita nilikuwa nje ya geti. Nani aliniuliza?"

Mwantum alimwangalia kwa jicho lile moja, akasema asikae, awahi usafiri, kijiji kinangoja. Alipogeuka kuondoka alisikia nyundo imeanza tena.

Ijumaa hiyohiyo, kabla ya ofisi kufungwa, Joha aliifuta alama ile, akatuma, na jibu la kukubali likarudi kwa sekunde saba. Aliporudi Alnoor kutoka Arusha alieleza sababu. Alama ileile ndiyo iliyotumiwa na mashine kujua jina linaanzia wapi na linaishia wapi. Ikikutana nayo katikati ya jina, ilidhani jina limekwisha, na kilichofuata kikawa upuuzi. Alisema alipoijaribu programu alitumia majina yaliyomjia, Zuzu, Kibakwe, Busi. Alizaliwa Dodoma, baba yake alizaliwa Dodoma, na hakufikiri Kigogo. Alikaa kwenye kiti cha duka, amejishika kichwa, mpaka mama yake akaja kumuuliza kama anaumwa.

Kamati ilikaa Alhamisi iliyofuata. Lori lilifika Ng'holongo Jumanne baada yake. Siku tano kabla, katika nyumba ya mjane mmoja aitwaye Evelina, walikuwa wamekufa watu watano. Mradi mmoja wa kilimo ulikuwa umegawa mbegu za mtama zilizotiwa dawa ya wadudu, nyekundu, za kungojea mvua ya Novemba, na kila mtu alionywa. Evelina alikuwa ametoka alfajiri kwenda kuchimba maji kwenye mchanga wa korongo, mwendo wa saa tatu. Mama mkwe wake, aliyebaki na wajukuu wanne waliokuwa wanalia, alizitoa zile mbegu, akaziosha mara saba mpaka maji yakawa meupe, akazisaga, akasonga ugali. Yeye naye alikula. Evelina aliporudi na ndoo kichwani aliwakuta uani.

Habari ile ilitangazwa redioni kwa sentensi mbili, bila jina la kijiji. Ilitosha kuleta watu wawili kutoka Dar es Salaam kuchunguza kwa nini Ng'holongo ilikosa mgao.

Siku moja kabla hawajafika, Mzee Batholomeo alimwita Joha, akafunga mlango, akamwomba aketi. Alikuwa na karatasi iliyokwisha chapwa. Ilisema mtendaji wa kijiji, Seth Mazengo, alichelewa kuleta fomu. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi ya mkuu, na nafasi ya sahihi ya mwandishi. Alizungumza kwa sauti ya chini, bila vitisho. Alisema amebakiza miaka mitatu kustaafu. Alisema ofisi ikionekana imezembea, wafadhili wataondoa mashine, na mikoa mingine itapoteza zaidi. Mtendaji ni kijana, ataonywa, atahamishwa kijiji, yatakwisha.

"Hawatamwonya, mzee," Joha alisema. "Watu watano wamekufa. Watamfunga."

Mzee Batholomeo alinyoosha kalamu zake, akasema afikiri mpaka asubuhi.

Asubuhi Joha aliingia kwa wale wachunguzi akiwa na vitu vitatu. Alikuwa na fomu ya Seth yenye mhuri na tarehe. Alikuwa na karatasi ya mashine ya Jumatano ile ya Agosti, yenye majibu sita badala ya saba. Na alikuwa na daftari jeusi alilolitoa stoo, lenye maandishi ya penseli ya Mwantum kwenye ukurasa wa kwanza. Aliwaeleza tangu mwanzo, jinsi alivyopunguza safari, jinsi aliyekuwa anasoma majibu alivyoachishwa, na jinsi jibu la fungu la saba lisivyorudi.

Mmoja wao alimuuliza kama alijua, wakati ule, kwamba halikurudi.

"Nilijua," alisema. "Nikasema nitaangalia kesho."

Seth hakushtakiwa. Taarifa ya mwisho iliandika hitilafu ya mawasiliano, haikumtaja mtu. Programu ya Alnoor iliboreshwa ikapelekwa mikoa mingine mitano. Mzee Batholomeo alistaafu kwa wakati wake. Joha alipata barua Desemba, awamu ya pili ya kupunguza wafanyakazi, yenye maneno yaleyale waliyoandikiwa Cornel na Mwantum; hapakuwa na kosa lolote lililotajwa, na kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kukatia rufaa. Alnoor alimpa kiti dukani, Joha akawa anawachapia wanafunzi na wabunge wakati wa vikao. Mara mbili alimpelekea Mwantum nauli ya kwenda hospitali ya macho. Mara ya kwanza Mwantum aliipokea. Mara ya pili alimrudishia, akamwambia jicho limekwisha kufa, asisumbuke.

Kwenda Ng'holongo alikwenda Februari, baada ya mvua kubwa za mwaka ule kupungua na njia kupitika. Alipanda lori la mahindi mpaka njia panda, akatembea kilichobaki. Mashamba yalikuwa mabichi lakini hapakuwa bado na cha kuvuna; mvua nayo ilikuwa imezoa mbegu nyingi. Seth alimpokea ofisini kwake, chumba cha udongo chenye meza moja, akamtolea kigoda. Hakumshukuru, wala Joha hakutaka. Alisema amekuja kumwona Evelina. Seth alifikiri, akachukua daftari la mgao, akasema naye anakwenda hukohuko.

Evelina alikuwa mwanamke wa umri kama wa Joha, mfupi, amejifunga kaniki. Aliwasalimia "Mbukwenyi", akatandika ngozi. Kiswahili alikisikia kidogo, kwa hiyo Seth alitafsiri. Joha alisema yote: kwamba karatasi ya kijiji ilifika, kwamba yeye ndiye aliyeituma, kwamba jibu halikurudi naye hakuuliza, kwamba alichelewa siku mbili kwenda kwa mtu aliyejua dawa kwa sababu ya aibu. Seth alitafsiri taratibu, na sehemu ile ya siku mbili, ambayo naye alikuwa haijui, alisita kabla ya kuitamka. Evelina aliangalia mikono yake. Kuku mmoja alipita uani, akadonoa, akapita.

Kisha akauliza swali, refu kidogo, akimwelekea Seth. Seth hakulitafsiri.

"Anasemaje?" Joha akauliza.

"Anauliza habari ya mgao wa wiki hii," Seth alisema. "Nyumba hii bado imeandikwa watu sita. Anauliza kama kule mjini mmekwisha kuandika mmoja."

Joha alisema hajui. Hafanyi kazi huko tena. Seth akatafsiri. Evelina akavuta ncha ya kaniki, na ikaonekana wazi kwamba jambo hilo ndilo lililokuwa limemnyima raha tangu walipoingia: mgao wa mtu mmoja ulikuwa madebe mangapi, na ungemfikisha wapi, yeye ambaye shamba lilimngoja na nguvu hana.

Seth alifungua daftari juu ya goti, akatafuta ukurasa. Alishika kalamu muda mrefu. Joha aliona jina la nyumba, na karibu na jina, safu ya watu. Seth akaandika sita, akapuliza wino ukauke, akafunga.

Joha aliondoka jua lilipoanza kupungua ukali. Evelina alimsindikiza mpaka mwisho wa ua, kama desturi inavyotaka kwa mgeni, akasimama hapo. Njiani Joha alikutana na watu wakitoka kupalilia, akawasalimia, wakamwitikia, na mmoja akamuuliza ametoka kwa nani. Alisema kwa Evelina. Yule mtu akasema pole, akidhani ni ndugu yake, na Joha akaitikia.